Vuli ikifika bwawani, wanakwenda wapi wote?

Jioni ya Septemba kando ya bwawa lenye matete, huko mashambani katika nchi za kaskazini, kuna jambo la kutazama lisilohitaji darubini wala ujuzi wowote. Jua likikaribia kuzama, mbayuwayu huanza kufika. Kwanza watatu au wanne, wakipita chinichini juu ya maji na kuyagusa kwa mdomo. Baadaye makumi. Baadaye anga lote juu ya bwawa linajaa ndege wanaozunguka, mpaka ghafla, kama punje zilizomwagwa kutoka kwenye ungo, wanashuka kwa pamoja katikati ya matete na kutoweka. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini matete yanapinda. Kelele zinaendelea kidogo gizani, kisha kimya.

Hali hiyo hujirudia jioni baada ya jioni. Halafu inakuja jioni moja ambayo hawaji tena.

Jiweke katika nafasi ya mtu wa zamani asiye na ramani ya dunia. Mara ya mwisho alipowaona ndege hawa, walikuwa wakiingia bwawani. Miezi sita baadaye anawaona tena juu ya bwawa lile lile. Angesema nini? Alisema walichosema wengi: wamelala matopeni. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi aliyekuwa akiishi uhamishoni, alichapisha picha ya wavuvi wakivuta kutoka chini ya barafu wavu uliojaa samaki na mbayuwayu. Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 200 baada yake, tena miongoni mwa wasomi. Mimi siwacheki. Chura naye hupotea majira hayo hayo, na chura kweli yuko bwawani. Ukishajua kwamba kiumbe mmoja mwenye damu na mapafu anaweza kukaa chini ya maji miezi minne, kwa nini usidhani hivyo kuhusu wa pili?

Fumbo lilifumbuliwa kwa ushahidi wa kushangaza. Mwaka 1822, huko Mecklenburg, Ujerumani, alipatikana korongo mweupe akiwa na mkuki umepenya shingoni, na mkuki wenyewe ulikuwa wa Afrika ya Kati. Ndege alikuwa amechomwa upande mmoja wa dunia akaruka nao hadi upande wa pili. Kwa mbayuwayu, jibu lilikuja Desemba 1912, pale ndege aliyevishwa pete ya mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911, alipokamatwa Natal, Afrika Kusini. Umbali wa kilomita kama 10,000.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya neno. Vitabu vyetu huita majira haya vuli, ilhali masikioni mwetu vuli ni mvua za mwisho wa mwaka. Miezi inakaribiana, mambo yenyewe hayafanani hata kidogo. Katika makala hii vuli ni ile ya kaskazini: Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika na maji yanapoelekea kuganda.

Swali la kwanza ambalo watu hulijibu vibaya ni hili: nani anawaambia wanyama kwamba wakati umefika? Jibu la haraka ni baridi. Lakini baridi ni mjumbe asiyeaminika. Mwaka mmoja Septemba ni ya joto kama Julai, mwaka mwingine umande unaganda mapema. Ndege anayengoja baridi imwambie aondoke, siku moja ataambiwa akiwa amekwisha kuchelewa. Kitu pekee kisichobadilika mwaka hadi mwaka ni urefu wa mchana. Kwa msomaji aliyezoea jua kuchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, jambo hili ni gumu kulihisi. Ila London, mwishoni mwa Septemba, mchana hupungua kwa karibu dakika 4 kila siku. Hiyo ni nusu saa kwa wiki. Mwili wowote wenye saa ndani yake utagundua.

Aliyelithibitisha hilo kwa ndege ni William Rowan, huko Alberta, Kanada, katikati ya miaka ya 1920. Aliwafungia ndege wadogo waitwao junco katika vizimba vya nje, wakipigwa na baridi kali ileile ya Kanada, lakini kundi moja akaliwashia taa na kuliongezea dakika chache za mwanga kila siku. Katikati ya majira ya baridi, viungo vya uzazi vya ndege wa taa vilikuwa vimekua kana kwamba ni machipuko. Wenzao waliokosa taa hawakubadilika. Miaka ya 1930 Jacques Benoit wa Ufaransa akaja na jambo la ajabu zaidi: bata wasio na macho bado waliitikia urefu wa mchana. Kumbe ndege ana seli zinazohisi mwanga ndani kabisa ya ubongo, na mwanga unazifikia kwa kupenya fuvu. Mamalia hutumia njia nyingine. Kwao macho ndiyo hupeleka habari, na ubongo hutoa homoni ya melatonini usiku tu. Usiku ukirefuka, melatonini nayo hudumu zaidi, na mwili unasoma tarehe humo.

Basi baridi haina kazi? Inayo, ila ni ya pili. Mwanga humwambia ndege ajiandae: ale kupita kiasi, ajaze mafuta, akose utulivu. Hali ya hewa ndiyo huamua siku yenyewe. Ndege wengi husafiri usiku, na usiku wenye anga safi na upepo unaosukuma kutoka nyuma huondoka kwa wingi hata kichaka kilichokuwa na kelele jana kinabaki kimya. Mbayuwayu wao husafiri mchana, wakila njiani.

Na wanachokila ndicho kiini cha mambo. Ndege hakimbii baridi yenyewe. Manyoya ya mbayuwayu yangetosha kwa baridi kiasi fulani, lakini chakula chake ni wadudu warukao, na wadudu hao wakiisha hana la kufanya. Ndege wanaokula mbegu, au wanaojua kuchokoa mabuu chini ya magamba ya miti, hubaki hapohapo kijijini na theluji ikiwafunika mgongo. Kila unapoona mnyama ametoweka vuli, jiulize kwanza alikuwa anakula nini.

Turudi kwenye bwawa, maana huko ndiko mambo yalikochanganyika.

Maji yana tabia moja isiyo ya kawaida: yana uzito mkubwa zaidi yakiwa na nyuzijoto 4 hivi, si yanapoganda. Wakati wa kiangazi, bwawa lenye kina huwa na tabaka mbili, maji ya moto juu na ya baridi chini, na mara nyingi hazichanganyiki. Vuli inapoingia, maji ya juu hupoa, yanakuwa mazito, yanazama. Upepo unasukuma. Siku fulani bwawa lote linakuwa na joto moja, na hapo linageuka: ya chini yanakuja juu, ya juu yanakwenda chini yakibeba oksijeni. Ukiwa jirani unaweza kulisikia puani kabla ya kuliona, harufu ya mayai yaliyooza ikitoka kwenye tope lililokaa miezi bila hewa. Baada ya hapo, uso ukizidi kupoa kuliko nyuzi 4, maji hayo mepesi hubaki juu na kuganda, na chini panabaki maji yasiyoganda hadi machipuko. Kijidimbwi cha kina cha magoti hakina anasa hiyo. Hugeuka kila upepo unapovuma, na kikikosa bahati huganda chote.

Kwa hiyo chura anayelala majini anachagua bwawa lenye kina, na hapo kuna kosa lingine la kurekebisha. Wengi wanadhani anajizika topeni. Chura hawezi, kwa sababu chini ya maji hupumua kwa ngozi, na topeni hakuna oksijeni. Hukaa juu ya tope, miguu ameikunja, mwili ukitumia nguvu kidogo mno. Anayejizika kweli ni kobe wa maji. Kobe mmoja wa Amerika ya Kaskazini, yule mwenye mistari ya njano na nyekundu shingoni, anaweza kukaa zaidi ya miezi mitatu bila oksijeni kabisa, maji yakiwa karibu nyuzi 3. Mwili unaoishi bila oksijeni hutengeneza asidi, ileile inayojikusanya kwenye misuli ya mkimbiaji, na asidi hiyo ingemuua. Kobe anaipoza kwa madini ya gamba lake. Nyumba yake ndiyo dawa yake.

Halafu yuko chura wa msituni, wa Alaska na Kanada hadi mashariki mwa Marekani, ambaye halali bwawani hata kidogo. Bwawa analitumia kuzaa tu. Vuli anajificha chini ya majani makavu, sentimita chache kutoka hewani, na baridi inapokuja anaganda. Simaanishi anapoa. Anaganda. Theluthi mbili hivi za maji ya mwili wake zinakuwa barafu, moyo unasimama, macho yanageuka meupe, na ukimwangusha mezani atalia ko kama jiwe. Siri iko kwenye ini: barafu ya kwanza inapogusa ngozi, ini linamwaga glukosi nyingi katika damu, na sukari hiyo inazuia seli zisikauke na kupasuka. Barafu hukaa nje ya seli, uhai hukaa ndani. Akiyeyuka, moyo unaanza tena. Mtu akija na reki kufagia majani yote ya uani mwezi Novemba, ajue anafagia na chumba cha huyu.

Vitu vidogo zaidi vya bwawa havipati watazamaji, na ni hasara. Chukua glasi ya maji kutoka ukingoni, iinue kwenye mwanga. Vinukta vinavyorukaruka ni viroboto-maji. Kiangazi chote majike wamekuwa wakizaa majike bila dume. Mchana ukifupika na chakula kikipungua, wanaanza kuzaa madume, wanakutana, na mayai yanayotokana hufungwa katika kikoba cheusi chenye umbo la tandiko, kigumu, kinachozama topeni na kustahimili barafu, ukavu, hata kupita tumboni mwa bata. Mayai ya namna hiyo yaliyofukuliwa kutoka matope ya maziwa yameanguliwa baada ya miongo kadhaa. Jirani yao, yale magugu madogo kama sarafu za kijani yanayofunika uso wa bwawa, hufanya hila nyingine: baadhi ya aina huota vichipukizi vizito vilivyojaa wanga, ambavyo huzama. Mmea wa juu unakufa. Cha chini kinangoja maji yapate joto, kinatoa kiputo cha hewa, kinapanda tena.

Wakati wote hao wanafunga virago, bata wanafanya kinyume. Kiangazi dume wa bata-mwitu mwenye kichwa cha kijani hupoteza manyoya yake ya fahari pamoja na yale ya kurukia. Kwa wiki tatu au nne hawezi kuruka, na anavaa rangi ya kahawia kama jike ili asionekane. Vuli ndipo kijani kinarudi, na papo hapo uchumba unaanza. Ukiona mwezi Oktoba madume yakitikisa vichwa na kurusha maji mbele ya jike, si mchezo. Jozi nyingi hupatikana kabla ya mwaka kuisha, ingawa mayai yatatagwa machipuko. Nadhani hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote pale bwawani: kila kitu kinanyauka, na bata wanaposa.

Ayala nao, wale wanyama wa jamii ya kulungu wenye pembe zenye matawi, huchagua vuli kwa kupandana, na sababu inapatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Mimba ya ayala mwekundu huchukua miezi minane hivi. Mtoto anapaswa kuzaliwa Mei au Juni, nyasi zikiwa laini na maziwa ya mama yakiwa mengi. Toa miezi minane. Unapata Oktoba, dume lenye shingo iliyovimba likinguruma katika ukungu wa asubuhi.

Nyumbani kwenyewe, wa kwanza kulalamikiwa ni nyigu. Kiangazi hawakuwa na shida, vuli wamejaa kwenye kila tunda lililodondoka na kila kikombe cha sharubati. Hawajageuka wakali bure. Nyigu aliyekomaa huwinda wadudu kwa ajili ya mabuu, na mabuu humlipa kwa matone ya maji matamu. Ndivyo alivyokuwa akipata sukari yake. Malkia akiacha kutaga, mabuu wanaisha, na maelfu ya wafanyakazi wanabaki hawana kazi wala ujira. Wanatafuta sukari penginepo, yaani kwako. Watakufa wote kabla ya baridi kukaza. Wanaobaki ni malkia wapya waliokwisha kupandwa, kila mmoja peke yake katika ufa fulani wa paa au gogo. Nyuki wakubwa wenye manyoya nao ni vivyo hivyo: koloni nzima inakufa, na mwaka ujao wote umo ndani ya malkia aliyejichimbia ardhini.

Kindi ana hesabu za aina nyingine. Mialoni ya Amerika ya Kaskazini iko ya makundi mawili. Mbegu za mwaloni mweupe huota vuli hiyohiyo, za mwaloni mwekundu husubiri machipuko. Kindi wa kijivu anazijua tofauti hizo. Nyeupe anazila papo hapo, au akitaka kuziweka anazing'ata kwanza kwenye kiini kisichipue. Nyekundu anazifukia moja moja, huku na huku. Akihisi anatazamwa na kindi mwenzake, hufanya maigizo: anachimba, anasukuma pua, anafukia, na mbegu bado iko mdomoni.

Asubuhi zenye umande, angalia nyasi kabla jua halijapanda. Zinang'aa kwa nyuzi za buibui, maelfu, zote zikielekea upande mmoja. Hao ni buibui wachanga wanaohama. Anapanda ncha ya jani, anainua tumbo, anatoa uzi, anaondoka. Charles Darwin aliwaona mwaka 1832 wakitua kwenye kamba za meli ya Beagle, kiasi cha kilomita 100 kutoka pwani. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni upepo tu unaowabeba. Mwaka 2018 Erica Morley na Daniel Robert wa Bristol walionyesha kwamba umeme wa angani pekee, bila upepo wowote, unatosha kuwainua.

Usiku nao, nyenje. Mlio wao hufuata joto, na mwaka 1897 Amos Dolbear alitoa kanuni ya kukadiria joto la hewa kwa kuhesabu milio. Huhitaji kanuni. Keti kibarazani wiki mbili mfululizo na utasikia wimbo uleule ukizidi kuburuta, hadi usiku unapoweza kuhesabu kila mlio kivyake.

Mnyama ninayetamani watu wangemjua zaidi ni kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu apitaye chini ya majani. Hawezi kuhama, miguu ni mifupi. Hawezi kulala miezi, kwa kuwa mwili wake unachoma chakula kwa kasi hata saa chache bila kula zinaweza kumuua. Anachofanya ni kupungua. August Dehnel wa Poland aliliandika hilo mwaka 1949: mafuvu ya vuli na baridi yalikuwa madogo kuliko ya kiangazi. Wengi walidhani huenda wakubwa walikuwa wamekufa tu. Mwaka 2017 watafiti waliwapiga eksirei wanyama walewale majira baada ya majira, wakaona fuvu la kila mmoja likinywea kwa asilimia 15 hivi, kisha likikua tena machipuko. Mwili mdogo, ubongo mdogo, chakula kidogo.

Saa ya mwanga ina udhaifu mmoja, na siku hizi unaonekana kwa macho. Sungura wa theluji wa Amerika ya Kaskazini hubadili manyoya kuwa meupe kwa kufuata urefu wa mchana. Mchana haujabadilika. Theluji ndiyo inayochelewa. Matokeo yake ni sungura mweupe pe amekaa kimya juu ya majani ya kahawia, akiamini kabisa kwamba haonekani.

Novemba ikiisha, bwawa linaweka barafu ya kwanza, nyembamba na angavu kama kioo. Usiikanyage. Lala kifudifudi ukingoni penye kina kifupi, weka viganja kando ya macho kuzuia mwanga, na utazame chini. Yapo majani yaliyotua, mabuu ya kereng'ende yasiyotikisika kwenye shina la tete. Ukiwa na subira, na bahati zaidi ya subira, utamwona kobe akitembea. Mguu mmoja unainuka, unakaa, unashuka. Kisha mwingine.